Kadi Isiyovuka Mpaka wa Jimbo

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Louisville, jimbo la Kentucky, niliharibu sentensi ya kwanza niliyopewa kutafsiri. Familia ya Kikongo iliyokuwa imeshuka kwenye ndege wiki hiyohiyo iliuliza nani atawalipia hospitali, nami nikajibu bila kusubiri, "Amerika italipa." Mkurugenzi wa ofisi, mama wa Kentucky asiyejua Kiswahili hata cha salamu, alilinasa lile neno moja akanikatiza palepale.

"Umesema Amerika," aliniambia. "Amerika haina dirisha la kupokelea watu. Kuna serikali ya shirikisho, kuna jimbo, kuna kaunti, kuna jiji. Kila ukifungua mdomo, taja ni nani."

Nilinuna siku nzima. Mimi ni mtu wa Kigoma, nimesoma, nilikuja huku kumfuata mume wangu aliyekuwa mwanafunzi, na sikuzoea kusahihishwa mbele ya wageni. Lakini alikuwa na haki, na ninyi mnaoanza kazi hii ya kuhudumia wakimbizi mtaokoa muda mwingi mkilijua hilo mapema kuliko mimi.

Serikali ya shirikisho, ile ya Washington, ndiyo inayompa mkimbizi ruhusa ya kuingia nchini, na hutoa kanuni kuu pamoja na sehemu ya fedha. Ila mambo mengi yanayomgusa mtu kutoka asubuhi mpaka jioni yako mikononi mwa walio karibu naye zaidi. Leseni ya udereva ni ya jimbo. Shule zina bodi zake za mitaa, ndiyo maana watoto wa Louisville hurudi darasani Agosti wakati wenzao wa Buffalo, jimbo la New York, bado wanaendesha baiskeli barabarani. Na kadi ya Medicaid, yaani bima ya matibabu kwa wenye kipato kidogo, ina fedha za Washington ndani yake lakini kila jimbo linatoa yake. Ukivuka mpaka na kuhamia kwingine, ile ya zamani haikufai tena.

Kutoka Louisville tulihamia Columbus, jimbo la Ohio, mume wangu alipopata kazi. Ofisi yangu ilikuwa mtaa wa Northland, karibu na Morse Road, kwenye maduka ya vyakula vya Kiafrika. Msimamizi wangu alikuwa mwanamume mpole aliyefunga tai hata siku za joto kali. Kazi yangu kubwa pale ilikuwa fomu za uhakiki. Hizo ni barua ambazo jimbo hutuma kila baada ya muda kukuuliza kama bado unaishi hapo na kama kipato chako ni kilekile. Ukikaa kimya, kadi inafungwa. Watu wetu walikuwa wakizitupa pamoja na matangazo ya pizza.

Basi nikaanza kuzunguka makanisani. Muislamu mimi, Jumapili kwa Jumapili, nasubiri kwaya imalize halafu nasimama mbele. "Barua ya jimbo isilale mezani," nilikuwa nikisema. "Mwenyewe akiwa hayupo, jirani amsaidie." Kadi zikaacha kufungwa ovyo, na nikavimba kichwa, siwafichi.

Msimamizi aliniuliza siku moja, "Unawafundisha kujibu. Kuaga je, unawafundisha?"

Nilicheka. Nikamwambia watu hawa wanaagana kwa wiki nzima, kwa maombi na pilau. Yeye alikuwa anazungumzia kuaga ofisini, kuliambia jimbo kwamba nimeondoka. Sikumwelewa, na sikujihangaisha kumwelewa.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Buffalo. Tulikaa North Buffalo, nami nikawa kiongozi wa wahudumu wa familia. Wakongo walikuwa wakija kutoka majimbo mengine kufuata nyumba za bei nafuu za mtaa wa Black Rock. Mmoja wao alikuwa Mama Bahati, mzaliwa wa Uvira, aliyehamia kwa mdogo wake kutoka Columbus. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Aliponijia alikuwa amebakiwa na insulini ya siku tatu, na kaunti, ambayo huku New York ndiyo inayopokea maombi ya kadi, ilikuwa imemkatalia.

Sababu ilikuwa kwenye kompyuta yao: kadi yake ya Ohio bado ilikuwa hai, na mtu hawezi kuwa mkazi wa majimbo mawili.

"Umetoka huko miezi mitano iliyopita," nilimwambia. "Barua ya uhakiki nani aliijibu?"

"Jirani yangu wa Morse Road njo alijaza," alisema. "Donc, si weye mama Mutanzania ulitufundisha pale kanisani?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Nilimwambia tupige simu Ohio tuifunge ile kadi. Akakataa katakata. "Bon, sikiliza mama. Kule kambini, mutu akisafiri alikuwa anaficha. Ukisema umetoka, wanakata kadi ya chakula. Ukirudi, hauna kitu. Mi siwezi kurudisha kadi."

Nilikwenda kwa mkuu wa idara yetu kutafuta njia ya mkato. "Sisi hatuwezi kuifunga kadi ya Ohio," alisema, "na hata Washington haitakufungia leo. Ni Ohio, na wanataka wamsikie yeye mwenyewe. Ifungwe leo, kaunti wameniahidi kufungua ya hapa leo." Niliogopa kweli. Ujuzi wangu wote ulikuwa umefika mwisho, ulibaki uamuzi wa mama mmoja aliyekwisha kuona njaa.

Nikarudi nikamweleza ukweli bila kuupaka sukari. Kwamba mafundisho yangu yalikuwa nusu, na kosa ni langu. Kwamba huku kuondoka si hatia, kinachodhuru ni kunyamaza, na siku akirudi Ohio ataomba upya kama mtu mwingine yeyote. Alizitazama dawa zake mkobani, akanyoosha mkono kuomba simu.

Karani wa Ohio alimuuliza jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani, nami nikatafsiri. Kisha akasoma swali ambalo sheria inamtaka aulize, kwa sababu ukazi ni mahali unapoishi na unapokusudia kubaki. "Unakusudia kubaki kuishi wapi?"

Mama Bahati alinigeukia. "Anauliza mi nataka kubakia wapi?"

"Ndiyo. Wewe mwenyewe."

"Hapa," alisema. "Buffalo."

Karani akaomba arudie, simu inarekodiwa. Akarudia kwa sauti iliyowafanya watu wote waliokuwa wakisubiri wageuke. Ilipofika saa kumi jioni, duka la dawa lilikuwa limempa insulini yake.

Nimestaafu sasa. Wahudumu vijana huniuliza kama serikali moja tu isingekuwa nafuu, na huwajibu kwamba ingekuwa nafuu sana, ningelala mapema miaka yote ile. Halafu nawasimulia habari za Mama Bahati. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, amepita nchi tatu na kambi mbili, na siku ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza serikali yoyote kumuuliza anataka kukaa wapi.