Nilivyompata fundi aliyetengeneza sanamu ya kaure ya babu, na kesi ya wizi ikafutika

Wakuu, habari za mchana. Nina furaha ambayo nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Haya yamenitokea mwenyewe, chumvi sijaongeza, na picha zipo.

Mimi ni fundi tiles hapa Mbeya, naishi Uyole. Kwetu ni Idodi, Iringa, njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha.

Kule Idodi yuko shangazi yangu Tabitha, dada mkubwa wa marehemu baba. Ana miaka themanini na ushee, macho yamepungua ila akili ni wembe. Yeye ndiye anayetunza sanamu ya babu.

Sanamu yenyewe ni ndogo, urefu wa chupa ya soda. Ni ya kaure, ule udongo mweupe wa vikombe vya wageni. Ni binti amekaa kwenye kisiki, anamrushia kuku punje. Nyusi zimechorwa unywele mmoja mmoja. Chini imegandishwa kwenye kibao cha mninga, na ndivyo ilivyokuwa tangu siku ya kwanza ilipoonekana kwa babu.

Sasa balaa lake.

Babu Lazaro alikuwa mpishi wa mmisionari Mjerumani kabla ya Vita vya Pili. Vita vilipoanza, Waingereza wakawakusanya Wajerumani, familia ile ikaondoka na mabegi tu. Nyumba ikabaki, vitu vikaanza kupotea. Halafu watu wakaiona sanamu kwa babu.

Babu alisema amepewa. Lakini aliyempa hayupo, na hakuna aliyejua kama yuko hai.

Polisi hawakuitwa. Ila wakuu, kuna kesi za kijijini zinazouma kuliko za mahakamani. Mpaka anafariki, babu alikuwa anakaa benchi la mwisho kanisani. Shangazi shuleni aliimbiwa "mtoto wa mwizi wa sanamu" mpaka akaacha shule darasa la nne.

Mwaka huu baada ya Pasaka akanipigia.

"Mwanangu, nimechoka na hiki kitu. Nataka kirudi kwa mwenyewe kabla sijafa."

"Mwenyewe nani, shangazi? Wale walishakufa."

"Basi kwa waliokitengeneza. Si wewe fundi wa vigae? Tafuta. Ukikosa, Jumapili ya mavuno nakipeleka madhabahuni, niseme mbele ya watu kwamba baba alichukua, niombe msamaha."

Iliniuma. Yaani mama mzima asimame kuungama wizi ambao hata hajui kama ulitokea.

Nikamwomba binamu yangu wa kule anitumie picha. Nikaiweka kwenye simu itafute zinazofanana. Yakaja mabinti na kuku kama mia mbili, wa kila nchi.

Wakati huo nilikuwa na kazi Makongolosi, naweka tiles kwa jamaa mmoja mnunuzi wa dhahabu. Akaiona picha kwenye simu, akaniambia nimletee sanamu yenyewe, atanipa pikipiki yake. Pikipiki ilikuwa imepaki pale pale, inang'aa. Nikiri tu, usiku ule niliiota.

Lakini sauti ya shangazi ilikuwa bado masikioni. Nikaendelea kutafuta.

Nikaingia kwenye group moja la mtandaoni la watu wanaokusanya vyombo vya zamani vya kaure. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha form four. Akanijibu mama mmoja Mjerumani anaitwa Hanne, mwalimu mstaafu. Jibu lake fupi: "Uso wa sanamu hausemi kitu. Nionyeshe chini."

Akanieleza kwamba viwanda vilikuwa vinaigana maumbo, ila kila fundi aliweka alama yake chini ya kitako. Bila alama ni kubahatisha.

Na chini yetu kuna kibao.

Nikapanda basi. Pale Igawa gari liliposimama watu wakashuka kununua mchele, mimi nimebaki kwenye siti nawaza nitakibanduaje kile kibao bila kuivunja sanamu.

Nimefika Idodi, salamu za Kihehe, kamwene, kamwene, ugali ukaliwa. Nikaishika kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Nikaigonga kwa ukucha. Ikalia kama kengele, ting, sauti safi. Sisi mafundi tunajua, kitu chenye ufa kinalia bovu. Hapo nikapata moyo.

Kibao kiligandishwa kwa gundi nyeusi ngumu kama lami. Kutumia patasi ni kujitafutia laana. Nikachemsha maji, nikawa nakanda ile gundi kwa kitambaa cha moto, halafu naingiza uzi wa nailoni katikati, nakata taratibu kama mtu anayekata sabuni ya mche. Nakanda, nakata. Nakanda, nakata.

Shangazi amekaa kwenye kigoda mbele yangu. Midomo tu inacheza, anasali.

Ikachukua kama saa mbili hivi. Mgongo unawaka. Mara uzi ukapita mpaka upande wa pili na kibao kikabaki mkononi.

Wakuu, nikaipindua.

Kulikuwa na alama ya bluu, mti mdogo wa msonobari na herufi mbili, J na R. Na pembeni yake kuna mwandiko wa mkono, mistari mitatu, bluu ile ile. Kijerumani sijui hata kidogo. Ila neno la pili nililisoma bila msaada wa mtu.

Lazaro.

Nikalisoma kwa sauti. Shangazi akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Usinidanganye, mwanangu, mimi sioni."

Nikapiga picha, nikamtumia Hanne. Network ya pale mnaijua. Nilizunguka uani na simu juu kama naanika nguo.

Baada ya muda majibu yakaingia. Msonobari na J.R. ni alama ya karakana ndogo ya familia, kusini mwa Ujerumani, ilifungwa zamani. Hanne anayo kwenye kitabu chake cha alama. Na maneno, ukiacha neno moja la mstari wa tatu ambalo limemshinda, yanasema hivi: "Kwa Lazaro wa Iringa, aliyembeba mjukuu wangu. J.R."

Soma tena hapo. Aliyeandika ni mwenye karakana mwenyewe. Kumbe fundi ndiye babu wa mtoto wa yule mmisionari.

Nilipomtafsiria shangazi, akaanza kusimulia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Kwamba baba yake alikuwa akisema alimbeba mtoto wa Kizungu mwenye homa kali mgongoni, msimu wa mvua, mto umejaa, mpaka kwa daktari Iringa mjini. "Tulidhani ni hadithi za wazee," akasema. "Na mimi nilidhani hivyo. Mimi mwanawe." Hapo ndipo alipolia.

Najua kuna mjuaji atasema labda babu aliandika mwenyewe baadaye. Mkuu, hapo umekutana na fundi. Nilipitisha ukucha juu ya yale maandishi, ni laini kabisa, hakuna kinachokwaruza. Rangi iko chini ya glaze, ile ngozi ya kioo. Hanne naye akathibitisha. Maneno yaliandikwa kabla chombo hakijaingia tanuri, huko huko Ujerumani. Hakuna mtu wa Idodi angeweza kuyaweka, hata angekuwa mwizi hodari namna gani.

Jumapili ya mavuno ikafika. Watu wameleta mahindi, maboga, majogoo. Shangazi akapita mbele na sanamu, mimi nimemshika mkono. Mchungaji akampa nafasi. Akasema maneno machache tu.

"Nilitaka kuja hapa kuomba msamaha kwa ajili ya baba yangu. Nimekuja kumtaja jina. Someni."

Sanamu ikapita mkono kwa mkono. Mimi roho juu, naogopa itaanguka.

Ikafika kwa Mzee Yeremia, aliyesoma na shangazi darasa moja. Akavaa miwani. Akaangalia muda mrefu, kidole kinafuata herufi. Kisha akasimama kwa shida.

"Tabitha, ule wimbo tulikuimbia sisi. Mimi ndiye nilikuwa naanzisha. Tulikosea."

Shangazi akageuza uso upande ilikotoka sauti.

"Kaa chini, Yeremia," akamwambia. "Magoti yako mabovu."

Watu wakacheka, na wengine wakafuta machozi huku wanacheka. Mimi nilifanya vyote viwili.

Sanamu hairudi popote, iko kabatini kwa shangazi. Hanne anaendelea kutafuta kama yule mtoto aliyebebwa ana wajukuu.

Nilichojifunza ni kwamba mzee akikwambia jambo, usimwite mwongo kwa sababu tu shahidi wake hayupo. Wakati mwingine shahidi yupo ndani ya nyumba, hajapinduliwa tu.

Nanyi mna nini kabatini kwa bibi? Sahani, saa, birika la misheni? Pindueni, pigeni picha ya chini, wekeni hapa tusaidiane kusoma. Na kama kuna anayejua Kijerumani cha zamani, naomba ajitokeze, maana lile neno moja la mstari wa tatu lilivujia rangi tanurini, Hanne limemshinda, na shangazi ananiuliza kila siku.