Mwaka Tulipolima Katikati ya Mji

Katika miaka ile ya ruksa, biashara binafsi ziliporuhusiwa na maduka ya Sumbawanga yalipoanza kufunguliwa tena moja baada ya jingine, mama yangu alipanga chumba katika jengo lililokuwa duka la ushirika, katikati kabisa ya mji. Kabla ya hapo alikuwa akiuza chai na maandazi kwenye kibanda cha mabanzi kando ya njia ya malori. Sasa alikuwa na kuta, sakafu ya saruji, baraza ndefu, na mlango mpana wa mabawa mawili. Alifungua bawa moja tu. La pili lilikuwa limekwama kwa kutu, naye hakuona haja ya kuhangaika nalo: wateja aliokuwa nao, alisema, wangeweza kupita hata dirishani.

Kilichowazuia watu kilikuwa mbele ya macho yetu. Ng'ambo ya baraza palikuwa na kiwanja ambacho ramani ya mji ilikiita bustani na wenyeji wakakiita porini. Nyasi zilifika kiunoni, mbuzi walilala humo, na kila mwenye takataka alijua pa kuzitupa. Mtu aliyetoka sokoni alizunguka mbali, akapita upande mwingine, na harufu ya maandazi ya mama ikabaki kunuswa na mbuzi tu.

Afisa wa mipango ya mji, kijana mpole aliyetoka Mbeya, alikuja siku moja kumwonya. "Shikamoo, mama. Sina habari njema. Yupo mfanyabiashara wa mbao anayekitaka kiwanja hiki akizungushie mabati. Kama hakitafyekwa na kupandwa kitu, nitashindwa kumkatalia."

Mama alitazama mahali ambapo mabati yangesimama. Yangemwachia uchochoro wa kupitisha baiskeli tu. "Marahaba, baba," akasema. "Njoo Jumatatu. Utaikuta bustani."

Jioni ile alipita nyumba kwa nyumba huko Chanji tulikokaa, akawaalika wanawake. Kwetu Ufipa mwenye kualika watu shambani huwapikia pombe ya ulezi. Kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha serikali, mama alipika togwa isiyolevya. Jumamosi asubuhi walifika na majembe mabegani, wa Chanji na wa mtaa wa Kizwite waliosikia, wakiimba na kutaniana. Mimi, mwanafunzi wa sekondari niliyejiona msomi, nilipewa jembe kama wengine.

Mvua zilikuwa zimekolea na udongo umelainika. Nani aliyeanza, hatukujua kamwe. Ninachokumbuka ni mdundo wa majembe, vicheko, mgongo ukiuma kwa namna niliyoizoea tangu utotoni. Hakuna aliyesimama kufikiri. Mikono yetu ilikuwa imekutana na nyasi mbichi katika udongo laini, nayo ikafanya ilichofanya kila mwaka wakati kama ule. Jua lilipoinama tukanyoosha viuno, tukatazama nyuma yetu.

Kiwanja chote kilikuwa kimejaa matuta. Si matuta marefu ya mahindi. Ni yale ya duara tunayoyaita ntumba, ambayo ndani yake nyasi hufukiwa zioze ziwe mbolea. Yalipangana safi, kama mikate iliyoumuka, kutoka baraza ya mama hadi barabarani.

"Mama yangu weee," mmoja akasema. "Tumelima mji."

"Na mimi nimekwisha kupanda," akasema jirani yetu, akionyesha pindo la kitenge lililokuwa limefungiwa mbegu za maharage. "Sasa tuta uliache wazi? Ni kama kumwacha mtoto bila nguo."

Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama naye alicheka, lakini nilimwona akitazama mlango wake.

Jumatatu afisa alifika, na pembeni yake mfanyabiashara wa mbao, mtu mnene mwenye kofia. Afisa alisimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, haya makaburi ni ya nani? Mmenizikia nani hapa?"

"Tumezika nyasi, baba," mama akajibu. "Matanga yake ni maharage. Utaalikwa."

"Niliomba bustani."

"Ndugu yangu," mwenye mbao akadakia, "hapa umepewa shamba. Subiri tu, kesho wataleta na ng'ombe!"

Huenda mambo yangeishia hapo. Lakini habari ilikuwa imetangulia. Kijana wa baiskeli alifunga breki, akamwita mwenzake: "Mshikaji, njoo uone, mji umelimwa!" Wakaja wa sokoni, wakaja makarani, akaja mfugaji Msukuma na madumu yake ya maziwa, akauliza kwa uzito kama ataruhusiwa kupitisha mifugo. Walisimama barazani kucheka, na aliyesimama sana hukaa, na aliyekaa huagiza chai. Mama aliingia na kutoka. Wateja walikwamana katika lile bawa moja la mlango, anayetoka na kikombe akimngoja anayeingia.

Afisa aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akatafuta pa kukaa, akakosa, akanywa chai yake akiwa amesimama.

"Yaache," akasema hatimaye. "Lakini waachieni watu njia, mama. Mji haupiti juu ya tuta."

Tukavunja matuta machache pale ambapo watu wenyewe walikwisha kukanyaga, na njia mbili zikakata kiwanja kutoka sokoni hadi kwetu. Maharage yalipotoa maua, watu walipita hapo hata wasipokuwa na safari. Baadaye, chuoni, nilifundishwa kwamba kitovu cha mji hufufuliwa kwa taa, mitaro na lami. Sikubisha. Niliandika yote, huku nikitabasamu peke yangu.

Mavuno yalipofika, yalizuka mabishano matamu: maharage ni ya nani? Ikaamuliwa kwamba yapikwe siku moja, yaliwe na kila apitaye. Mama aliazima masufuria, wanawake wakaja na ugali, na samaki aina ya migebuka wakaletwa kutoka Kipili, ziwani. Mwenye mbao alikuja pia, kofia mkononi, nyuma yake mkokoteni wenye mabenchi aliyoyatengeneza kwa mabaki ya mbao zake.

"Nimechoka kula maandazi yenu nimesimama," akasema, "na kwa kuwa mmeninyima kiwanja, nipeni basi bakuli la kwanza."

"La pili," mama akamjibu. "La kwanza ni la mwenye msiba." Akampelekea afisa.

Hata hivyo sufuria kubwa lilikuwa bado jikoni, limejaa, nalo halikuweza kupita mlangoni. Wanaume walijaribu kuliinamisha, mchuzi ukamwagika. Mama akawaambia walitue. Akachukua mafuta ya kula, akayamimina kwenye bawaba za lile bawa lililokwama, akaegemeza bega lake, nami langu. Mlango ulilia, ukaachia kutu nyekundu juu ya vichwa vyetu, ukafunguka wote.

Hakuufunga tena mchana hata mara moja, hata wakati wa upepo wa baridi wa mwezi wa saba.