Mama alivyowekewa valvu mpya ya moyo kupitia paja, bila kupasuliwa kifua

Wakuu, salaam kutoka Sumbawanga, huku asubuhi mtu ukiongea mdomo unatoa moshi.

Naandika nilichokiona mwenyewe. Mimi ni mwalimu, siyo daktari, kwa hiyo nikiteleza upande wa kitaalamu mnisahihishe. Mengine yote ni kweli tupu.

Mama yangu anaishi kijijini Mwazye, analima mahindi na ulezi. Ni mtu wa kazi hasa.

Miaka kadhaa iliyopita akaanza kusimama njiani akienda kanisani, anahema. Tukasema uzee. Na yeye akasema uzee.

Mpaka alipozimia shambani, katikati ya kuvuna.

Nikamleta mjini. Daktari akamsikiliza kifuani muda mrefu kwa kile kifaa cha masikioni, halafu akanipa na mimi nisikilize. Wakuu, nilisikia kama upepo unaopenya kwenye ufa wa mlango.

Echo, kile kipimo cha picha ya moyo, tulifanyia Mbeya. Valvu ya aota, ule mlango wa damu inapotoka kwenye moyo kwenda mwilini, ilikuwa imekakamaa kama imepakwa chokaa. Kufunguka inafunguka kidogo tu.

Kupasua kifua wakakataa, mapafu yake yasingehimili. Ila kuiacha vile daktari alisema mama hana muda mrefu. Ndipo akataja njia ya mrija, kitu kinaitwa TAVI. Enzi hizo hapa nchini haikuwepo, tukaelekezwa India.

Mjomba, kaka yake mama, akaja juu: "Mwacheni dada yangu afie kwake! Moyo unaingiliwaje kupitia mguuni?"

Mama akamjibu, "Kaka, hata mimi nataka kujua unaingiliwaje. Acha nikaone."

Ikawa imeisha hiyo. (Habari za gharama njooni PM, nisiharibu uzi.)

Kule India mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Daktari akaja na valvu ya mfano, akamwekea mama kiganjani. Ni kitu kama kikapu kidogo cha waya, ndani kina vipande laini vyeupe.

Mama akaigeuza weee. "Hivi vyeupe ni nini?"

Nikatafsiri: ni ngozi laini inayozunguka moyo wa ng'ombe.

"Muulize, si nasikia kwao ng'ombe haguswi?"

Niliona aibu, lakini nikauliza. Daktari akacheka mpaka akavua miwani. "Mwambie mama, huyu ng'ombe siyo wa kwetu. Imetengenezwa nchi nyingine."

"Haya. Na ile yangu mbovu wanaitupa wapi?"

Hili hata mimi sikulijua. Kumbe haitolewi! Mpya inakuja imebanwa ndani ya mrija mwembamba, inapita kwenye mshipa wa paja hadi kwenye moyo, ikifika moyo unakimbizwa makusudi sekunde chache ili isiyumbe, kisha inafunguliwa, inaisukuma ya zamani pembeni na kukaa palepale.

Mama akanirudishia ile valvu. "Waambie niko tayari."

Siku yenyewe hawakumlaza usingizi mzito, walimpa dawa ya kumtuliza na ganzi pajani. Mimi nikabaki nje na rozari yake.

Daktari akatoka, uso hausomeki. Akasema valvu imekaa vizuri, lakini mapigo ya moyo yameshuka mno. Kumbe umeme wa moyo unapita jirani kabisa na pale walipoiweka, ukibanwa unaweza kugoma. Wamemuunganisha na mashine ya muda ya kuusukuma moyo, tusubiri.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba. Nitamwambia nini?

Niliporuhusiwa ICU, mama alikuwa macho.

"Imefika?" akauliza.

"Imefika, mama."

"Nilisikia moyo unakimbia kama unataka kutoka, halafu ukatulia." Akavuta pumzi ndefu, akaishusha taratibu. Akavuta tena. "Inaingia yote," akasema.

Nilitoka nje nikalia.

Siku zilizofuata moyo ukashika mwendo wake wenyewe, ile mashine ikaondolewa. Leo anapanda kilima cha kanisani bila kusimama. Mjomba siku hizi ndiye anayewahadithia watu Mwazye, na anaongezea chumvi kuliko mimi.

Nilichojifunza: mzazi akianza kuhema kwa kazi aliyokuwa anaimudu, usikimbilie kusema uzee. Mpeleke asikilizwe kifua. Na mwache aulize maswali yake yote, hata yale yanayokutia aibu wewe.

Kabla ya kutoka kule nilimuuliza daktari valvu hii itadumu miaka mingapi. Akasema kwa ukweli hawezi kuapa. Nikamtafsiria mama, akasema, "Na mimi mwambie siwezi kumuapia. Tutaona nani atamtangulia mwenzake."

Sasa madaktari mliomo humu: hii nayo ikija kuchoka, inawezekana kuingiza nyingine ndani yake kwa njia ileile? Swali siyo langu. Mama kapiga simu jana kuuliza, na anataka jibu.