Mkoba wa Sampuli na Siku za Dalila

Swalha hakuwa mwalimu, na hakuna aliyemwambia kwamba mtoto wa miaka miwili na nusu anaweza kusomeshwa ndani ya chumba ambacho nusu yake ni maboksi. Alijifunza mwenyewe, kwa sababu ya mkoba wa mumewe.

Msabaha, mumewe, alikuwa akiwanunulia bidhaa wafanyabiashara wa Unguja na Dar es Salaam. Kutwa alizunguka maduka ya jumla ya Wachina kwenye barabara ya Guangyuan Xilu, jioni akarudi mtaani kwao Xiaobei, akapanda ghorofa nne kwa miguu na kuutupa mkoba mlangoni. Ndani mlikuwa na sampuli: leo vifungo, kesho vipande vya vitambaa, keshokutwa zipu za kila rangi. Basi wiki moja ya mwaka 1998 binti yao Dalila akashikwa na mafua, hapana kutoka nje. Swalha alimwimbia mpaka nyimbo zikamwishia. Akaumwaga mkoba sakafuni, akakuta vitambaa vyekundu vitupu, akasema, "Haya bibiye, leo ni siku ya nyekundu."

Na kweli ikawa. Chupa ya chai, pilipili, kifuniko cha ndoo, kila chekundu kilichokuwamo ndani kilisakwa kikapangwa juu ya mkeka. Vilipokwisha, Dalila alisimama akafikiri, kisha akaushika ulimi wake kwa vidole viwili na kuuvuta, ili nao auweke mkekani! Swalha alicheka mpaka akakaa chini.

Kuanzia hapo kila siku ikawa na jina lake. Siku ya maji walikaa roshani na vikombe viwili na sponji, wakiyahamisha maji huku na kule mpaka nguo zao wote wawili zikawa za kukamua. Siku ya sauti Swalha alitia mchele kwenye kopo moja, kunde kwenye la pili, vifungo kwenye la tatu, akayafunga kwa selotepu ya maboksi, na Dalila akawa anayatikisa sikioni, kichwa amekiinamisha, kama fundi anayesikiliza saa mbovu. Siku ya vifungo walichezea vile vya makoti tu, vikubwa vya kujaa kiganja, maana kwa Dalila kila kidogo kilikuwa chakula. Hakuna kilichonunuliwa. Na muda wote huo Swalha alikuwa akisema, akisema, akisema: hiki kizito, hiki chepesi, hiki kimelowa, hebu shika uone.

Shida ilikuwa moja. Dalila hakumjibu. Neno lake duniani lilikuwa moja tu, na hilo aliliokota kwa wenye maduka chini ya jengo lao: "Meiyou!" Yaani hakuna, hatuna, nenda zako. Na akilisema alipunga mkono vilevile wanavyopunga wao, bila hata kumtazama mteja.

Mama yake Msabaha alipoelezwa kwenye simu kule Unguja, hakuona cha kucheka. "Mtoto analelewa na maboksi, atasema nini? Nileteeni mimi." Mwanzoni mwa Desemba, Ramadhani ikikaribia, akaja Bimkubwa, dada mkubwa wa Msabaha, kununua nguo za Idi. Tikiti ya kurudi na Dalila alikuwa nayo mkobani.

"Mwaka mmoja tu, Mama Dalila," Msabaha alimwambia mkewe, macho yake yako kwenye maboksi. "Akishaanza kusema, atarudi."

"Mwaka mmoja! Akirudi ataniita nani? Atanipungia mkono kama wale wa chini."

Msabaha aligeuka akaanza kuhesabu maboksi. Bimkubwa ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, na mpaka leo Msabaha hajawahi kumwambia hapana.

Bimkubwa mwenyewe aliingia akihema kwa zile ngazi, miguu imemvimba, akasimama katikati ya chumba.

"Shikamoo wifi," alisema Swalha.

"Marahaba. Hebu niambie wifi yangu, hapa mnakaa au mmehifadhiwa?"

Swalha alikuwa amejiandaa. Aliipa siku hiyo jina la siku ya viatu, akapanga viatu kumi vya sampuli toka kikubwa cha baba mpaka kidogo cha mtoto mchanga, ili shangazi mtu aone mambo. Sasa viwanda hutoa sampuli ya mguu mmoja, ili mtu asipate cha kuuza, kwa hiyo vyote kumi vilikuwa vya kushoto. Bimkubwa hakulijua hilo. Yeye ni mtu wa nguo. Akaokota ndara moja ya buluu.

"Haya mwanangu, mtafutie shangazi mwenzake."

Dalila aliitazama ile ndara. Akaitazama safu nzima, kiatu baada ya kiatu, mpaka mwisho. Akapunga mkono.

"Meiyou."

"Umemsikia?" Bimkubwa alimgeukia Swalha.

"Lakini wifi, kakuelewa! Mwenzake kweli hayupo, vyote ni vya kushoto!"

"Kuelewa hata paka anaelewa. Mama anataka kumsikia mjukuu wake, na mjukuu mwenyewe anatufukuza kama wateja." Akaomba beseni la maji ya moto, akatumbukiza miguu, na hiyo habari ikaishia hapo.

Siku tatu baadaye ilikuwa safari. Asubuhi ile Swalha hakuipa siku jina. Alianza kukunja nguo za mtoto, akaziacha. Akaenda jikoni, akafungua bomba na kuosha bakuli ambalo lilikuwa safi. Kutoka pale aliwaona wote wawili kupitia mlangoni. Bimkubwa alikuwa ameketi mkekani, sanduku liko wazi mbele yake, na kwa kuwa magoti hayakumruhusu kuinuka kila mara, alimfanya mtoto tarishi.

"Niletee soksi, mama. Siyo hizo, zile nyeupe. Haya. Na sweta. Lile la vifungo vikubwa. Ehee."

Dalila alikwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, kisigino hakitui. Kofia ya sufu akaleta. Gauni lenye mfuko akaleta, tena akautia mkono mfukoni ahakikishe. Swalha alifunga bomba. Hakuna hata kimoja alichokosea mtoto, na Bimkubwa, aliyeshughulika na kukunja, wala hakugundua.

Kisha Dalila akaja na kitu ambacho hakutumwa. Ilikuwa kanga ya Swalha, ile ya kushindia nyumbani. Akaitandika ndani ya sanduku juu ya sweta.

"Hii haiendi," alisema Bimkubwa, akaitoa.

Dalila akairudisha.

"We mtoto! Haiendi nimekwambia."

Akaitoa tena, na Dalila akairudisha tena, safari hii akaikandamiza kwa viganja vyote viwili isije ikanyanyuka. Akainua uso.

"Ya mama," akasema.

Swalha alisogea mpaka mlangoni. Bimkubwa alibaki mdomo wazi, na Dalila, kwa kumwona vile, akadhani shangazi hajafahamu. Akamweleza polepole, akilipiga sweta kofi dogo, kisha kanga, kisha tena sweta. "Ya Dalila. Ya mama. Ya Dalila."

Chini mtaani wapagazi walikuwa wakifunga mizigo. Milio ya selotepu ilisikika krrr, krrr.

"Wifi," Bimkubwa alisema hatimaye, "huyu anafikiri mnasafiri wote."

"Ndiyo, wifi."

"Hamkumwambia?"

"Kila siku namwambia jina la siku. Ya leo ningeiitaje?"

Bimkubwa aliitoa ile kanga, akaikunja vizuri, akaiweka pembeni. Halafu akatoa sweta. Akatoa gauni, soksi, kofia, kimoja kimoja, mpaka sanduku likabaki tupu. Msabaha akaingia mbio.

"Dada, teksi imefika. Nichukue sanduku lipi?"

"Langu. Langu peke yake."

Msabaha alimtazama mkewe, akamtazama dada yake, akakaa juu ya boksi. "Na mama je? Tutamwambia nini?"

"Mama niachie, nimemzoea. Lakini mikono mitupu siendi. Hiyo redio yako inarekodi? Tia kaseti. Na kila kontena la bidhaa likiondoka kuja kwetu nataka kaseti nyingine, msinifanye muongo."

Wakaiweka redio juu ya mkeka, Msabaha akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, gurudumu dogo likaanza kuzunguka. Swalha akapiga magoti. "Sema, mwanangu. Mwambie bibi. Kanga ya nani ile?" Dalila akaisogelea redio, akakiinamisha kichwa, akauweka mdomo karibu kabisa na vitundu vya maikrofoni, macho yake yakifuata gurudumu. Wakangoja. Hakusema kitu. Dereva akapiga honi chini, mara mbili.

"Nirekodi upya?" Msabaha aliuliza.

"Acha hivyo hivyo," alisema Bimkubwa, akijinyanyua kwa kumshika Swalha bega. "Mama amsikie anavyohema."