Boksi la Umeme la Nyumba ya Mwambani

Daktari alisema baba angeweza kurudi nyumbani, mradi tuwe na mashine ya oksijeni na mashine hiyo isizimike ovyo. Umeme ukikatika mji mzima, kulikuwa na mtungi wa akiba. Umeme kukatika ndani ya nyumba yetu wenyewe, hilo lilikuwa juu yetu. Nami naijua nyumba yetu. Ukipiga pasi huku mtu anaoga maji ya moto, fyuzi inakatika, na wa bafuni anapiga kelele mpaka wavuvi ziwani wanageuka. Baba alikuwa ameniambia wodini kwamba hataki kumalizia siku zake akiamshwa na toroli la dawa. Alitaka kitanda chake na dirisha lake linalotazama ziwa.

Nikamwita fundi umeme, mwanamke wa mtaa wa Mirongo mwenye leseni na sauti ya kunadi dagaa. Nilidhani kazi ni kununua boksi kubwa na breka kubwa, zile swichi zinazojiangusha umeme ukizidi, basi. Alinicheka waziwazi. Akanieleza kuwa breka hailindi pasi wala friji, inalinda waya. Ukiweka breka kubwa kwenye waya mwembamba, waya utaungua ukutani huku breka inatazama tu.

Kisha akakaa sebuleni na kuanza kunihoji kama mshenga. Nani anaamka wa kwanza? Anaoga maji ya moto? Jiko la umeme linawashwa kabla ya hapo au baadaye? Pampu ya kupandisha maji kilimani inafanya kazi saa ngapi? Kanuni, alisema, hazitaki ujumlishe kila kitu kana kwamba vyote vinawaka kwa pamoja, lakini pia hazitaki ujidanganye. Nikajikuta namsimulia asubuhi zetu zote, na yeye anazigeuza kuwa ampea, kipimo cha umeme unaopita kwenye waya. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kuitazama familia namna hiyo, akajua ni wakati gani inaelemewa. Nilistaajabu, kusema kweli. Akafikia breka kuu ya ampea sitini na tatu, hita ya maji na jiko kila kimoja na waya wake mnene, mashine ya baba na njia yake peke yake, na nafasi chache wazi kwa ajili ya kesho. Akavuta nyaya mpya, akafunga boksi, na mimi nikaanza kufua mashuka ya baba.

Nilikuwa na haraka, nikavuna hasira. Boksi lile lilihitaji waya wa kushuka ardhini, ili umeme ukivuja mahali upate pa kwenda badala ya kupita kwa mtu. Waya huo hufungwa kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa. Sasa nyumba yetu imekaa juu ya mawe ya Mwanza. Baba alipohama kutoka Misungwi alijenga hapo kwa makusudi, na kila padri akihubiri habari za kujenga juu ya mwamba, yeye alijiona ametajwa. Fundi akagongagonga kila ufa uani, akapima, kifaa chake kikakataa.

"Dada, mwamba hauchukui umeme," aliniambia. "Hapa siwezi kutia saini, na mgonjwa simruhusu alale."

Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Yeye alikuwa anatazama chini ya ukuta wetu, penye migomba.

Migomba ile ni ya jirani yetu, bibi wa Kihaya kutoka upande wa Bukoba. Katikati ya mawe matupu ana kishamba cheusi, chenye unyevu hata kiangazi, kwa sababu kila siku humwaga hapo maji ya vyombo na maganda. Baba alimchukia kwa maji hayo. Alidai yanaleta mbu, akamshtaki kwa mwenyekiti wa mtaa, na tangu hapo walikuwa wakipishana kwa "habari" na "nzuri", macho pembeni. Sasa nilitakiwa kwenda kumwomba udongo kwa niaba ya mtu huyo.

Nilimwamkia, nikaeleza mambo yote, hata ugomvi sikuuruka. Akanisikiliza akiwa ameshika sufuria. Akaniambia udongo ule haukuwepo hapo awali. Aliupandisha mwenyewe kutoka bondeni, ndoo kwa ndoo kichwani, miaka na miaka, maana hakuweza kuishi mahali pasipo na mgomba. Nilitazama lile bonde, nikatazama shamba.

"Chimbeni," akasema. "Mgonjwa hana ugomvi na mtu. Ila msiguse ule wenye mkungu."

Fimbo ilizama taratibu, bila kugonga jiwe. Fundi akapima, akapima tena, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Kisha akawasha kila kitu kwa pamoja, hita, jiko, pasi, pampu, friji na mashine ya baba, nyumba nzima ikawa inavuma, nami nimesimama mbele ya boksi nimezuia pumzi. Hakuna breka iliyoanguka.

Baba aliporudi, tulimlaza dirishani, tukamvalisha mrija puani. Mchana mmoja aliona waya unaoshuka ukutani, akauliza unakwenda wapi. Nikamweleza, pamoja na habari ya zile ndoo. Nilitegemea atafoka. Alisikiliza mashine inavyovuta na kutoa, halafu akaniagiza nikamwite bibi.

Bibi alisimama mlangoni, kanga imelowa maji ya vyombo. Ni mkubwa kwa baba, si kwa miaka mingi, na ile miaka yote baba hakuwahi kumpa heshima hiyo. Baba alijiinua kwa viwiko, akakataa nimshike, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema.

Bibi alimtazama usoni, akautazama ule mrija, akaja kukaa ukingoni mwa kitanda.

"Marahaba, mdogo wangu," akasema. "Pumua."