Wiki Tano za Kujifunza Kukamua

Kukamua ng'ombe si kuvuta. Watu wengi ambao hawajawahi kukaa kwenye kigoda chini ya ng'ombe hudhani maziwa yanavutwa, kama mtu anavyovuta kamba ya kisima, na mimi nilidhani hivyo mpaka nilipofika miaka sitini na moja. Ukweli ni kwamba chuchu unaibana kwanza kwa juu, kwa kidole gumba na kidole cha shahada, ili maziwa yaliyomo yasirudi kwenye kiwele. Kisha unafunga vidole vingine kimoja baada ya kingine, na maziwa yanakosa njia nyingine ila kutoka. Unaachia, chuchu inajaa tena, unarudia. Ukinisikia nikieleza utadhani nimezaliwa zizini. Lakini aliyenifundisha ni binti yangu wa mwisho, katika wiki tano za kabla hajaondoka kwenda chuo, na hazikuwa wiki rahisi kwa mwalimu wala kwa mwanafunzi.

Tunaishi Nambis, kijiji cha karibu na mji wa Mbulu. Nilifundisha shule za msingi, miaka mingi zaidi darasa la pili, mpaka nilipostaafu. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita. Watoto wakubwa wana familia zao mbali, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi, binti huyu kitinda mimba, na ng'ombe mmoja, chotara mweusi mwenye baka jeupe begani. Mama wa ng'ombe huyo alitoka Dirma kwa wakwe zangu, watu wa mifugo wa kule tambarare, na walimkabidhi mke wangu, si mimi. Mke wangu alipoondoka, ng'ombe akawa wa binti bila mtu yeyote kutangaza. Alikuwa na miaka kumi na minne. Asubuhi baada ya matanga alichukua ndoo akaenda bandani, na tangu siku hiyo sikuwahi kujiuliza maziwa ya chai yanatoka wapi.

Huku kwetu kukamua ni kazi ya wanawake. Mwanamume anajenga banda, anakata majani, anamwita bwana mifugo. Ndoo ya maziwa ni ya mama na mabinti. Mpango huo niliukuta nikauacha kama ulivyo, na ulinifaa.

Kisha majina ya waliochaguliwa yakatoka, na jina la binti yangu lilikuwemo, chuo cha uuguzi, Dodoma. Nilifurahi mpaka nikawapigia simu watu ambao hatujasalimiana kwa miaka. Yeye naye alifurahi. Kesho yake asubuhi, akinimiminia chai, akauliza, "Baba, nikienda nani atamkamua?"

"Tutampata mtu."

"Nani?"

Nikamtaja jirani yetu, mama mmoja mtu mzima ambaye shamba lake limepakana na letu.

"Ana ng'ombe wake watatu wa kukamua saa hiyohiyo," alisema. "Halafu umesahau nilipougua homa? Alikuja kusaidia, ndoo ikaruka mpaka kwenye mabua."

Nikasema taratibu, "Basi labda tumuuze."

Aliweka birika chini. "Hatutamuuza. Nitaahirisha mwaka. Wanaruhusu, nimeshauliza."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonishtua. Alikuwa ameshauliza. Nimefundisha watoto wengi wa vijiji hivi, na nimewaona waliosema wataenda mwakani. Mwakani anaumwa mtu, mwakani mvua haijanyesha, mwakani kuna posa. Sisemi kwamba hakuna hata mmoja aliyekwenda. Nasema tu kwamba niliogopa, na hofu ndiyo iliyonitoa maneno haya: "Nitakamua mimi."

Alicheka. Alinitazama mikono, akacheka tena. "Wewe, baba?"

"Mimi."

"Haya. Ukiweza kumkamua wiki nzima, asubuhi na jioni, mimi sijagusa hata kamba, nitaenda. Ukishindwa, nabaki."

Tulikuwa na wiki tano kabla ya siku ya kuripoti. Nilidhani ni nyingi.

Somo la kwanza lilikuwa kucha. Alinishika mkono, akageuza vidole, akanirudisha ndani nikakate. Kisha akanionyesha mpangilio. Unamwacha ndama anyonye kidogo ili mama ashushe maziwa, halafu unamfunga mbele ya mama yake ili apate kumlamba. Unaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, unakikausha, unajipaka mafuta ya kukamulia. Hapo ndipo unaanza. Nilifuata yote. Nilipoanza, ng'ombe alisogeza mguu wa nyuma kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi, na hakuna kilichotoka.

"Tulia, mama," nikamwambia ng'ombe. "Tunaanza na hizi mbili za mbele, halafu tutahamia za nyuma."

"Baba, unamfundisha," binti alisema.

"Namweleza tu."

"Kwani ameuliza swali?"

Jirani yetu alikuja siku ya tatu kutuletea mboga, akanikuta kigodani, suruali imelowa maziwa goti lote. Alisimama, akatua kikapu.

"Habari za asubuhi, Mwalimu. Kumbe kustaafu ndiyo huku?"

"Nzuri, mama. Karibu."

"Nimeshakaribia, siondoki leo. Ukimaliza hapo uje kwangu nikufundishe na kusonga ugali."

"Kusonga najua."

"Usiwaambie wanaume wenzako, watakuhama."

Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia. Jumapili, nje ya kanisa, mzee mmoja tuliyesoma naye aliniuliza mbele ya watu kama maziwa ya nyumbani kwangu yana chaki. Nilicheka pamoja nao. Ukitaka kujifunza jambo uzeeni, huna budi kukubali kuchekwa kidogo. Hakumuumizi mtu kama anavyofikiri.

Wiki ya pili nilifanya jambo ambalo mpaka leo binti yangu analisimulia vizuri kuliko mimi. Alikuwa amekwenda mjini Mbulu kupiga picha ndogo za fomu na kupimwa afya, akachelewa kurudi. Jioni ilifika na ng'ombe anaita. Nilikuwa nimesikia kwamba ng'ombe humjua mtu kwa harufu. Basi nikavaa sweta lake la zamani la shule, likanibana kwapani, nikajitanda kanga yake kichwani, nikaingia bandani bila kusema neno. Ng'ombe alinusa mkono wa sweta. Akainua kichwa akanitazama usoni kwa muda. Kisha akaipiga ndoo teke moja tu, bila hasira.

Binti alirudi akanikuta bado nimevaa. Alikaa chini kwenye kizingiti na fomu zake mkononi, akacheka mpaka akafuta machozi. "Yule si kipofu, baba."

Alipotulia aliniambia kitu nilichokuwa nakihitaji tangu siku ya kwanza. "Unamwendea na haraka. Unakuja kama mtu anayetaka kumaliza. Mama alikuwa anakaa kwanza."

"Anakaa vipi?"

"Anakaa tu. Anaegemeza paji la uso hapa ubavuni, hagusi kitu kingine. Akiona pumzi ya ng'ombe imetulia, ndipo anaanza."

Niliishi na mama yake miaka thelathini. Nilipita mbele ya banda lile asubuhi zote hizo nikienda shuleni, na sikujua kwamba mke wangu alikuwa akianza siku yake hivyo, paji la uso ubavuni mwa ng'ombe. Nilifurahi kwamba kuna mtu aliyemwona.

Kesho yake nilikaa kwanza. Ubavu wa ng'ombe asubuhi ya baridi ni joto, na ukitulia unasikia tumbo likifanya kazi ndani. Nilipoanza, maziwa yaligonga kitako cha ndoo. Binti alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaenda kuwasha moto.

Wakati huo huo nyumba ilianza kujaa vitu vya safari. Chuo kilituma orodha, na tulikuwa tunaifuata mstari kwa mstari: shuka nyeupe mbili, viatu vyeusi visivyo na kisigino, ndoo yenye mfuniko, kalamu, daftari kubwa. Alivipanga juu ya kitanda cha mama yake, akavipangua, akavipanga tena. Kaka yake alituma begi kutoka Arusha. Niliona hayo nikasema moyoni, huyu anakwenda.

Wiki ya nne tukaanza kuhesabu. Siku ya kwanza nilikamua peke yangu, asubuhi na jioni. Ya pili, ya tatu, ya nne. Jioni ya kwanza binti alikuwa ameniuliza, "Umehakikisha amekwisha maziwa? Unajua namna ya kujua amekwisha?" Nikajibu, "Najua."

Asubuhi ya siku ya tano, ng'ombe alikataa niguse upande wa kushoto nyuma. Binti aliweka mkono. Upande ule ulikuwa wa moto na mgumu, na alipominya yakatoka mabonge madogo kama maziwa yaliyoganda. Kwa asiyejua, maziwa yakibaki kwenye kiwele siku baada ya siku huweza kuleta ugonjwa wa kiwele, na usipowahi, upande ule unaweza kukauka usitoe maziwa tena.

Bwana mifugo alikuja mchana, akatia dawa ndani ya chuchu, akatuelekeza tukamue upande huo mara nyingi na maziwa yake tuyamwage mpaka siku za dawa zipite. Alisema tumewahi. Alipoondoka, binti yangu aliingia ndani akaanza kutoa shuka kwenye begi.

"Siendi, baba."

Zilibaki siku kumi.

Nilisimama mlangoni. Niliona aibu, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu huenda anayesoma haya naye ana mtu wa kumfundisha. Katika miaka yangu yote darasani, mtoto aliyenipa kazi si yule anayekosea. Anayekosea unamwona, unarudi naye nyuma. Aliyenipa kazi ni yule ambaye ukimuuliza "umeelewa?" anajibu haraka "ndiyo, mwalimu", ili umwache umwendee mwingine. Nilijua kumtambua mtoto huyo hata akiwa kiti cha mwisho. Na jioni ile, kwenye kigoda, niliulizwa na mwalimu wangu, nikajibu "najua", wala sikujua.

Nikamwambia hivyo. "Nilikudanganya. Sijui ng'ombe akiisha anakuwaje. Niliona haya kuuliza."

Aliacha shuka. "Kwa nini hukusema?"

"Wewe ni mtoto wangu."

"Sasa si ndiyo vizuri?" alisema. "Ungemuuliza nani, jirani?"

Tulirudi bandani. Alishika mkono wangu, si kiwele, akauweka yeye mwenyewe mahali panapotakiwa. Ng'ombe akiisha, aliniambia, kiwele kinalegea kama mfuko uliomwagwa unga, ngozi inakunjamana. Ukiona bado kimejaza kiganja, hajaisha. Unasukuma taratibu kwa juu, kama ndama anavyosukuma kwa pua, unangoja kidogo, unakamua ya mwisho. Niliuliza maswali. Niliuliza mpaka yeye akachoka, akanijibu, "Baba, hilo umeuliza mara ya tatu," nikamwambia, "Nieleze ya nne," naye akaeleza.

Upande ule ulianza kulainika siku iliyofuata. Siku mbili baadaye maziwa yakatoka safi, bila mabonge. Tukaanza kuhesabu upya, na safari hii zilibaki siku saba kamili. Hatukuwa na siku ya akiba. Binti hakuingia bandani tena nikiwa nakamua, ila kila nilipotoka alinyoosha mkono akapokea ndoo, akainusa kwanza, kisha akaenda kupapasa kiwele akarudi. "Nyuma kulia kidogo," alisema siku ya pili, nikarudi. Siku ya tatu hakunirudisha. Siku ya nne hakwenda kupapasa, alikuwa anapiga pasi.

Asubuhi ya kuondoka nilikamua mapema, bodaboda ilikuwa inakuja kumpeleka mjini awahi basi. Nilitoka na ndoo. Alikuwa ameshavaa nguo za safari, viatu vyeusi vinang'aa. Alinipita akaingia bandani hivyohivyo, nikamsikia akiongea na ng'ombe kwa sauti ya chini. Alikaa kidogo. Alipotoka kulikuwa na unyasi kwenye nywele zake, nikautoa.

"Amekwisha," alisema. "Nipe chai basi, nitachelewa."

Jirani alikuja kumuaga na mayai sita ya kuchemsha kwenye mfuko. "Nenda, mwanangu," alimwambia. "Baba yako nitamwangalia. Akivaa tena kanga nitakupigia simu."

Mchana ule nilikata majani mengi kuliko tunayohitaji. Saa kumi na moja jioni nikaosha mikono, nikamleta ndama, nikakaa, nikaegemeza paji la uso. Nilikuwa nimefika chuchu za nyuma simu ilipoita mfukoni. Nilijua ni yeye, nilijua atakuwa ameshafika stendi ya Dodoma au yuko karibu, na mikono yangu yote miwili ilikuwa kazini. Ikaita ikakata. Ikaita tena. Nikaendelea taratibu mpaka kiwele kikalegea, nikasukuma kwa juu, nikangoja, nikakamua ya mwisho.

Kisha nikafuta mikono nikampigia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umefika?"

"Nimefika. Nimekupigia mara mbili, hupokei."

"Nilikuwa chini ya ng'ombe."

Kulikuwa na kelele za stendi nyuma yake, watu wakiita abiria.

"Haya," alisema. "Basi ngoja nitafute gari la kwenda chuo."