Sahani ya Siku za Treni

Kuna vyakula vya kusomea na vyakula visivyosomeka. Chapati haisomeki, ukigeuza ukurasa imeungua. Ugali ndiyo kabisa, maana unataka mikono miwili na mabega. Lakini maharage yanasomeka, makande yanasomeka, na zaidi ya yote michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikakauka kau, vikatiwa kwenye kiroba kungoja kiangazi. Michembe ukishaibandika jikoni na kuongeza mkaa mara moja, inakuachia sura nzima ya riwaya bila kukuuliza kitu. Mwisho unatwanga karanga, unachanganya, umemaliza. Nimeishi kwa michembe na riwaya miaka mingi, na sikuwahi kumwomba mtu radhi.

Hiyo ni zamani, nilipokuwa peke yangu katika vyumba vyangu viwili hapa Kanyenye, Tabora, cherehani ikiwa barazani. Nashona sare za shule. Mtu aliyeshinda ameinamia kola na vifungo tangu asubuhi, jioni anataka kukaa na watu wasiomtaka kitu, na watu wa namna hiyo wanapatikana vitabuni tu. Nilikuwa nikinunua riwaya kuukuu sokoni, nyingine hazina hata jalada, nikila huku nimesimama, sufuria mkononi, jicho kwenye mstari. Tangu mama yangu afariki hakuna aliyewahi kuniwekea chakula, nami sikuona kama napungukiwa.

Kisha mdogo wangu akafa, akaniachia watoto wawili.

Naandika kwa ufupi kwa sababu yenyewe ilikuwa fupi. Aliugua wiki moja. Baba wa watoto yuko Goweko kwenye tumbaku, ana mke mwingine, huja akija. Baada ya arobaini wakubwa wa ukoo walikaa mkekani, wakanitazama mimi nisiye na mume wala mtoto, na kabla chai haijapoa nikawa mama mkubwa wa kazi, si wa jina tu. Dada mtu alikuwa na miaka saba. Mdogo wake alikuwa na mitatu na kitu, na alikuwa bado anaita viatu vyote vya kwake.

Yule mdogo hakuona mazishi. Siku ile alipelekwa Igalula kwa jamaa, na aliporudi akauliza mama yuko wapi. Shangazi yetu mmoja akamjibu haraka, kama watu wanavyowajibu watoto siku zote: "Mama amesafiri, mwanangu." Angeishia hapo ningemshukuru. Mtoto akauliza amesafiri na gari gani. Shangazi akasema, "Na treni."

Sasa jamani, kumwambia mtoto wa Tabora kwamba mama yake amepanda treni! Kwingine uongo huo ungechakaa wenyewe, ukasahauliwa. Hapa treni ya Kigoma, ya Mwanza, ya Mpanda na ya kurudi Dar zote zinapita kwetu, na honi inasikika mpaka jikoni kwangu. Kila treni iliyoingia ikawa ya mama. Jioni moja ya wiki ile ile honi ililia tukiwa tunakula, mdogo akainuka, akachukua sahani ya bati, akapakua vijiko viwili vya michembe, akaifunika kwa kawa.

"Ya mama," akasema. "Atafika ana njaa."

Nani angemkatalia? Kwetu msafiri huwekewa chakula chake, hata kama haijulikani atafika saa ngapi. Mtoto alifanya alichofundishwa na mama yake mwenyewe. Nilimtazama dada mtu. Yeye alikuwepo msibani, alijua yote, na sisi wakubwa tulikuwa tumemkataza asimwambie mwenzake. Aliinamisha kichwa, akaendelea kula.

Asubuhi chakula kile nikawamwagia kuku wa jirani, nikaosha sahani, nikadhani yamekwisha. Mdogo aliamka, akaiona sahani tupu, uso ukamchanua, kisha ukafifia. "Kumbe alikuja," akasema. "Mbona hakuniamsha?"

Tangu siku ile nilijifunza kuiacha sahani na chakula chake mpaka aione kwa macho yake na kusema, "Hakushuka," ndipo nikawape kuku. Siku mbili tatu kila wiki, mwaka mzima. Nilichoka. Kufua, kushona na kuchana nywele zinazokataa kuchanwa, hayo yote yalinichosha mwili tu. Ile kawa ilinichosha mahali pengine, na nilikuwa nikisikia honi moyo unaniuma kabla mtoto hajainuka.

Na kusoma? Nilijaribu. Nilikuwa nikibandika michembe, navuta kigoda, nafungua kitabu, na papo hapo vinanijia vichwa viwili, kimoja kila upande. "Unasoma nini? Nani huyo? Amefanyaje?" Nikiwafukuza wanarudi kama inzi. Mwishowe nikaona heri nisome kwa sauti, angalau mambo yaendelee.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya mjane mmoja aliyehamia mji wa mgodi na wanawe watatu, akafungua mgahawa. Niliinunua kwa ajili yangu, si kwa ajili ya watoto, kwa hiyo nilikuwa nikiruka mambo ya wanaume na kuwasomea mambo ya mgahawa. Wakaupenda mno. Mdogo alikuwa akiuliza mjane amepika nini leo, na kama kitabu hakikusema nilikuwa nasema mimi. Ilikuwa raha, sikatai. Kwa wiki kadhaa nilikuwa mtu anayesoma tena.

Kisha jioni moja, wao wakiwa wananawa miguu uani, nikachungulia mbele kidogo. Mwanzoni mwa sura ya sita mjane anakufa. Homa, sentensi moja, basi. Nilikaa na kile kitabu mapajani, nikamkasirikia mwandishi kama mtu aliyenivunjia sufuria. Watoto wakaja, wakakaa, magoti yamelowa. Nikafungua ukurasa ule ule na kusoma: "Asubuhi ile mama aliamka, akawasha moto."

Hapakuwa na maneno hayo popote pale.

Ndivyo nilivyomweka hai mjane wa watu kwa miezi minne. Alifungua mgahawa wa pili. Alipika nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, alipika maharage, alipika kila nilichokuwa nimebandika mimi siku hiyo, maana sikuwa na nguvu ya kubuni zaidi. Akisafiri alipanda basi; hilo nilikuwa mwangalifu nalo. Wanawe hawakuweza kukua, kwa sababu kitabuni walikuwa wanakua bila mama, nami sikujua niwakuze vipi naye yupo. Nilikuwa nikigeuza kurasa ili ionekane nasoma, na macho yangu hayakuthubutu kushuka kwenye mistari. Kitabu nilichokinunua kinipumzishe kikawa kazi juu ya kazi. Alama yangu, kipande cha kitenge, niliiacha kwenye sura ile ya sita, na kitabu nilikuwa nakiweka juu ya kabati. Dada mtu alikuwa ameingia darasa la pili na bado anaunganisha silabi kwa kidole. Sikumwogopa.

Siku yenyewe jua lilikuwa bado lipo. Michembe ilikuwa inatokota, nami nilikuwa nikitwanga karanga, mikono imejaa mafuta. Mdogo alichoka kungoja.

"Dada, soma wewe."

"Acha, nakuja," nikasema. Lakini dada mtu alikuwa ameshapanda kwenye kiti, ameshakichukua kitabu, ameshakaa. Alifungua penye kitenge. Nilisimama na mchi hewani. Akautazama ukurasa, midomo ikicheza bila sauti, nami nikaona midomo ile ikifika mahali penyewe. Kisha akasoma kwa sauti.

"Asubuhi ile mama aliamka, akawasha moto. Akapika michembe."

Alisoma kwa mapumziko yangu, kwa kikohozi changu kabisa. Alipofika mahali ambapo mimi hugeuza ukurasa, akageuza. Mdogo alisikiliza kidole kikiwa mdomoni, ameridhika. Nilitwanga karanga zile mpaka zikawa uji.

Walipomaliza, nilimtuma mdogo akanawe mikono, nikafungua sura ya sita. Pembeni mwa ile sentensi palikuwa na doa la mafuta ya karanga, dogo, la ncha ya kidole cha mtoto. Ukurasa uliofuata lilikuwepo jingine. Na uliofuata, hadi mwisho wa kitabu.

"Umeisoma lini?" nikamuuliza.

"Zamani."

"Yote?"

"Yote. Wale watoto wanakuwa wakubwa. Wa kwanza anakuwa dereva."

"Mbona hukuniambia?"

Akavuta uzi uliokuwa umechomoza kwenye sketi yake, mshono wangu mwenyewe. "Ulikuwa unapaogopa hapo, Mama Mkubwa," akasema. "Nikasema nisikuharibie."

Nilikaa chini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Mwaka mzima nilijihesabu mimi ndiye ninayewabeba hawa wawili, na kumbe mtoto wa miaka minane alikuwa amembeba mdogo wake, amenibeba na mimi, na hakuna aliyemuuliza kama amechoka.

Honi ikalia.

Mdogo aliingia mbio, mikono inachuruzika maji, akaenda moja kwa moja kwenye sahani. Dada mtu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Iache kwanza," nikasema. "Njooni mkae hapa." Wakaja. Nikamwekea dada mtu kitabu mapajani. "Msomee mwenzako kilichoandikwa."

"Kile kile?"

"Kilichoandikwa."

Akaweka kidole chini ya mstari. Alikuwa anakijua kwa moyo, lakini alisoma silabi kwa silabi kama mgeni. "Mama yao alifariki kwa homa alfajiri. Watoto walilia mpaka jirani akaja na uji."

Mdogo alingoja. "Halafu anaamka saa ngapi?"

Dada mtu alifungua mdomo, na hapo nikamshika mkono, kwa sababu jibu hilo halikuwa la kwake. "Haamki," nikasema. "Na mama yenu haamki. Hakusafiri, mwanangu. Alikufa, tukamzika. Mimi na dada yako tulikuwepo. Tulikudanganya."

"Hakupanda treni?"

"Hakupanda."

Akafikiri. Nilimwona akipita nyuma, jioni moja moja, mpaka akafika kwenye sahani ile ya kwanza. "Sasa nani alikula chakula chake?"

"Kuku."

Akalia. Alilia kwanza kwa sababu ya kuku, kwa hasira, akanipiga na kawa begani mara tatu, nami sikujikinga. Kisha kilio kikabadilika, kikawa cha mama yake. Dada mtu akalia pia, mara ya kwanza tangu msiba, akiwa bado ameshika ukurasa. Nililia na mimi, sikuwa na sababu ya kujibana tena. Michembe iliungua mpaka sufuria ikaota weusi ambao hautoki hata leo. Tulikunywa chai na mkate.

Siku zilizofuata sikujua niliharibu au nilitengeneza. Mdogo hakutaka hadithi. Nilibandika michembe, nikafungua kitabu peke yangu, nikaanza sura ya sita kama ilivyo, na hakuna kichwa kilichokuja upande wowote. Nilikuwa nimepata nilichokuwa nikikililia mwaka mzima, jioni ya kusoma bila kusumbuliwa, na kila mstari ilibidi niurudie mara mbili. Dada mtu alikuwa akicheza uani na watoto wa jirani, anapiga kelele. Sikuwa nimewahi kumsikia akipiga kelele.

Jioni ya tatu nikapakua, watoto wakala, nami nikachukua kitabu nikasimama mlangoni kwenye mwanga, kama zamani. Honi ikalia, nadhani ilikuwa treni ya Mwanza. Mdogo akainuka. Akachukua sahani ile ile ya bati, akakwangua vijiko viwili vilivyobaki, akaifunika kwa kawa. Nilijua tumerudi pale pale, na kwamba itabidi niseme tena yote, na kesho kutwa tena, na sikuwa na nguvu hizo.

"Hiyo ya nani?" nikamuuliza, taratibu.

"Ya kwako," akasema. "Wewe unasoma tu. Sisi tunamaliza, wewe hujala."

Akaiweka juu ya kigoda changu, akasimama pembeni kuhakikisha. Nilifunga kitabu bila kuweka kitenge. Michembe ilikuwa imeshapoa na kushikana, na vipande viwili vilikuwa vigumu kabisa. Nilikaa, nikaila yote.